Sura ya 7: Mkupuo wa Data, au Kwa Nini Faili Huchelewa Kwenye Mtandao Wenye Kasi

Katika ofisi, maabara za vyuo na hospitali za Nakuru, watumiaji wa kompyuta hurudia swali lile lile: ikiwa mtandao wa ndani ya jengo una kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde, mbona ramani au picha iliyo kwenye seva ya chumba cha pili huchukua muda mrefu kufunguka? Kasoro yaweza kuwa kwenye kebo, kwenye swichi, kwenye diski au kwenye programu yenyewe. Sura hii inashughulikia sababu moja ambayo mafundi wengi huipita bila kuitazama, nayo ni kiasi cha data ambacho kompyuta mbili hukubaliana kupeana kwa ombi moja. Kiasi hicho kwa kawaida hupangwa bila mtumiaji kuulizwa, na kwa hiyo huitwa chaguo-msingi, yaani thamani ambayo programu huitumia pale ambapo hakuna aliyeweka nyingine. Hoja ya sura ni kwamba chaguo-msingi la leo aghalabu hushinda nambari zinazonakiliwa kutoka kwenye miongozo ya zamani, lakini huamuliwa na upande ulio dhaifu, na mara nyingi upande huo ni seva yenye memori ndogo.

Faili haisafiri nzima

Mfumo wa faili wa mtandao ni utaratibu unaoiwezesha kompyuta moja kutumia folda iliyo kwenye kompyuta nyingine kana kwamba folda hiyo iko kwenye diski yake yenyewe. Kompyuta inayohifadhi faili huitwa seva, na ile inayoziomba huitwa mteja. Mfumo uliozoeleka zaidi kwenye kompyuta za Linux na Unix ni NFS, uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani katikati ya miaka ya 1980, ilhali kompyuta za Windows hutumia zaidi itifaki ya SMB. Itifaki ni kanuni za mazungumzo ambazo pande zote mbili huzifuata ili zielewane.

Mtumiaji anapofungua faili iliyo kwenye seva, mteja haombi faili nzima kwa mara moja, bali huomba kipande cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, hadi faili iishe. Kiwango cha juu cha kipande kimoja ndicho kinachoitwa mkupuo katika sura hii. NFS ina mikupuo miwili inayowekwa kila mmoja peke yake: rsize, ambao ni mkupuo wa kusoma, na wsize, ambao ni mkupuo wa kuandika. Yote miwili hupimwa kwa baiti, na baiti moja hutosha kuhifadhi herufi moja ya kawaida. Katika hesabu za sura hii kilobaiti 1 ni baiti 1,024, na megabaiti 1 ni kilobaiti 1,024.

Mkulima wa viazi wa Molo hahitaji kufundishwa jambo hili: mzigo ukifungwa katika vifurushi vidogo mno, vibarua humaliza siku wakienda na kurudi kwenye lori, na ukifungwa lumbesa, gunia huwalemea na pengine kupasuka kabla ya kufika sokoni, hivyo muuzaji na mnunuzi huhitaji kipimo ambacho wote wawili wanakimudu.

Hesabu ya faili moja ya megabaiti 100, kwa mfano picha ya shamba iliyopigwa kutoka angani, huonyesha ukubwa wa tofauti inayozungumziwa:

- Kwa mkupuo wa kilobaiti 8, mteja hulazimika kutuma maombi 12,800.
- Kwa mkupuo wa kilobaiti 32, maombi hupungua hadi 3,200.
- Kwa mkupuo wa megabaiti 1, maombi ni 100 tu.

Data inayosafirishwa ni ile ile katika hali zote tatu, ila kila ombi lina gharama yake: lazima liandikwe, lisafiri, lipokelewe na seva, lichunguzwe kama aliyelituma ana ruhusa, kisha jibu lirudi kwa njia ile ile.

Nambari 8,192 ilitoka wapi

Toleo la 2 la NFS, lililotumika tangu mwaka 1985 na ambalo maelezo yake rasmi yalichapishwa mwaka 1989, liliweka kikomo cha baiti 8,192 kwa kila ombi la kusoma au kuandika. Kwa wakati huo kikomo hicho hakikuwa cha ubahili. Mitandao ya ofisini ilikuwa na kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, memori ya kompyuta ilihesabiwa kwa megabaiti chache, na mifumo mingi ya Unix ilihifadhi faili kwenye diski kwa vipande vya ukubwa huo huo.

Sababu nyingine ilikuwa njia ya usafirishaji. NFS ya awali ilitegemea UDP, itifaki ambayo hutuma ujumbe bila kuhakikisha kwamba umefika, na kazi ya kurudia kilichopotea huachiwa programu iliyotuma. Pakiti moja, yaani fungu moja la data linalopita kwenye kebo ya kawaida ya ofisi, hubeba baiti zisizozidi 1,500. Kwa hiyo jibu la kilobaiti 8 lilikatwa vipande 6, na kipande kimoja kikipotea njiani, vitano vilivyofika salama vilitupwa na ombi zima likarudiwa. Ikichukuliwa kwamba kiungo cha redio kati ya majengo mawili hupoteza pakiti 1 katika kila 100, jibu la vipande 6 litaharibika takriban mara 1 katika kila 17. Jibu la kilobaiti 32, ambalo hukatwa vipande 23, litaharibika takriban mara 1 katika kila 5. Kwa njia kama hiyo, mkupuo mdogo ulikuwa tahadhari ya busara.

Hali ilibadilika mwaka 1995 toleo la 3 lilipochapishwa. Kikomo cha baiti 8,192 kiliondolewa, na seva ikapewa uwezo wa kumtangazia mteja kiwango cha juu inachokimudu na kile inachokipendelea. Toleo hilo lilibadilisha pia namna ya kuandika: zamani seva ilitakiwa kuhifadhi kila kipande mahali salama, kwa kawaida kwenye diski, kabla ya kujibu, ilhali sasa iliweza kupokea vipande vingi kwenye memori, kisha mteja akatuma ombi moja la kuthibitisha kwamba vyote vimehifadhiwa. Wakati huo huo matumizi ya TCP yalienea. Hii ni itifaki inayofuatilia kila sehemu ya data na kurudia ile tu iliyopotea, na kwa sababu hiyo hatari ya mkupuo mkubwa ilipungua sana.

Programu hazikubadilika kwa siku moja. Mifumo ya Solaris ilitumia kilobaiti 32 kwa toleo la 3, huku seva ya Linux ikibaki kwenye kilobaiti 8 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hatimaye, mwishoni mwa mwaka 2006, ikaruhusiwa kufika megabaiti 1. Miongozo iliyoandikwa wakati wa kilobaiti 8 haikufutwa. Fundi anayenakili mstari wenye maneno rsize=8192,wsize=8192 kwenye kompyuta ya leo huirudisha kwa hiari yake kwenye kikomo cha miaka ya 1980, na kompyuta hutii bila kulalamika, kwa kuwa nambari hiyo bado ni halali.

Kwa ufupi: kilobaiti 8 ilikuwa nambari sahihi kwa memori, kebo na itifaki za wakati wake, na haina sababu ya kuwekwa kwa mkono kwenye mtandao wa TCP uliotulia.

Chaguo-msingi la leo ni mapatano

Msomaji anayetafuta nambari moja inayoitwa chaguo-msingi la NFS hatoipata, kwa kuwa kwenye Linux ya sasa chaguo-msingi ni matokeo ya mapatano. Pale ambapo fundi hakuweka thamani yoyote, mteja huiuliza seva kiwango chake cha juu, hukilinganisha na kiwango chake mwenyewe, kisha huchukua kikubwa ambacho wote wawili wanakimudu. Upande wa mteja, kikomo ni baiti 1,048,576, yaani megabaiti 1. Thamani inayowekwa kwa mkono huchukuliwa kwa vizidishi vya baiti 1,024, na ikizidi uwezo wa seva hushushwa kimyakimya bila onyo.

Hapo ndipo hutokea kitendawili kinachowasumbua mafundi wengi wanaotumia kompyuta kuukuu kama seva, jambo la kawaida katika shule na ofisi ndogo. Fundi huandika 1048576 upande wa mteja, hupachika folda, yaani huiunganisha ili itumike, kisha hutazama kilichopatikana na kukuta 262144. Hakuna kilichoharibika. Seva ya Linux inapowashwa huangalia memori iliyopo, huigawanya kwa 4,096, kisha huanza na megabaiti 1 na kuigawa kwa mbili hadi ipate nambari isiyozidi jibu hilo, bila kushuka chini ya kilobaiti 8. Kompyuta yenye memori ya megabaiti 128 kamili ingepata kilobaiti 32, na yenye gigabaiti 4 kamili ingepata megabaiti 1.

Neno la kuzingatia ni kamili. Kompyuta inayouzwa kuwa ya gigabaiti 4 huwa haizioni zote, kwa kuwa sehemu fulani hutengwa kwa ajili ya vifaa vyake na keneli, ambayo ni kiini cha mfumo endeshi. Jibu la mgawanyo hupungua kidogo chini ya megabaiti 1, na kwa kuwa nambari hugawanywa kwa mbili, upungufu huo mdogo huishusha hadi kilobaiti 512. Kwa njia hiyo hiyo, kompyuta ya gigabaiti 2 hupata kilobaiti 256, ambazo ndizo zile baiti 262,144 zilizomshangaza fundi.

Kiwango hicho chaweza kubadilishwa kwenye seva kupitia faili iitwayo /proc/fs/nfsd/max_block_size, lakini lazima kibadilishwe kabla huduma ya NFS haijaanza, kwa kuwa ikishaanza seva hukataa. Sababu ya tahadhari hiyo ni kwamba kila uzi wa kazi, yaani kila sehemu ya programu inayohudumia ombi moja kwa wakati wake, hutengewa memori ya kutosha mkupuo mzima. Nyuzi 8 zenye mkupuo wa megabaiti 1 huhitaji takriban megabaiti 8, kiasi kidogo kwa seva ya leo. Nyuzi 64 kwenye kompyuta yenye memori ya megabaiti 512 ni habari nyingine.

Upande wa Windows mambo hufuata mkondo huo huo. SMB nayo hupatana mwanzoni mwa mazungumzo, na seva ya Samba, ambayo huiwezesha kompyuta ya Linux kuhudumia kompyuta za Windows, huruhusu hadi megabaiti 8 kwa ombi katika matoleo mapya ya itifaki hiyo.

Kwa ufupi: mkupuo unaoonekana upande wa mteja ni kioo cha uwezo wa seva, na ukiwa mdogo kuliko ilivyotarajiwa, memori ya seva ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Umbali na gharama ya kusubiri

Kasi ya mtandao hueleza ni data kiasi gani inaweza kupita kwa sekunde moja, lakini haielezi ombi hutumia muda gani kwenda na jibu kurudi. Muda huo wa kwenda na kurudi hutegemea umbali na vifaa vilivyo njiani, na kuongeza kasi ya bando hakuuondoi.

Eneo la kati la Bonde la Ufa limepitia njia mbili za mawasiliano zilizo tofauti sana kwa tabia. Mwaka 1970 kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilifunguliwa Longonot, na kwa miaka mingi mawasiliano ya Kenya na nchi za ng'ambo yalitegemea setilaiti. Setilaiti ya aina hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kwa hiyo ombi na jibu lake, yanayopanda na kushuka mara mbili, husafiri zaidi ya kilomita 143,000 na kutumia takriban nusu sekunde hata kama vifaa vyote ni vizuri. Kebo za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009 zilibadilisha hesabu hiyo, na leo taasisi kama Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro huunganishwa kupitia KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya. Kati ya Nakuru na Nairobi kuna takriban kilomita 160 kwa barabara; mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na hivyo safari ya kwenda na kurudi hutumia chini ya milisekunde 2, yaani chini ya sehemu mbili za elfu za sekunde, kabla ya kuongeza ucheleweshaji wa ruta.

Hesabu ifuatayo inachukulia kwamba mteja hungoja jibu la ombi moja kabla ya kutuma jingine, na huhesabu muda wa kusubiri pekee kwa faili ya megabaiti 100:

- Seva ndani ya jengo, milisekunde 0.5 kwa ombi: sekunde 6.4 kwa kilobaiti 8, na sekunde 0.05 kwa megabaiti 1.
- Seva ya Nairobi, ikikadiriwa milisekunde 5 kwa ombi: sekunde 64 kwa kilobaiti 8, na nusu sekunde kwa megabaiti 1.
- Njia ya setilaiti, nusu sekunde kwa ombi: takriban saa 1 na dakika 47 kwa kilobaiti 8, na sekunde 50 kwa megabaiti 1.

Kwenye mtandao wa megabiti 1,000 kwa sekunde, data yenyewe ya megabaiti 100 hupita kwa muda usiofika sekunde moja. Kwa hiyo ndani ya jengo, kwa mkupuo wa kilobaiti 8, sehemu kubwa ya muda ingetumika kusubiri. Wauzaji wa huduma za mbali hulizingatia jambo hili: kwa huduma yake ya faili iitwayo EFS, kampuni ya Amazon huwashauri wateja waweke rsize na wsize kuwa 1048576.

Kwa kweli mteja wa kisasa hangoji hivyo. Hubashiri kwamba anayesoma mwanzo wa faili atasoma na sehemu inayofuata, na hutuma maombi kadhaa mapema, tabia inayoitwa usomaji wa mapema, ambayo hupunguza tofauti zilizoonyeshwa hapo juu. Lakini nayo ina chaguo-msingi lake. Hadi keneli 5.4 ya Linux ilipotolewa mwaka 2019, mteja wa NFS alisoma mapema kiasi cha mara 15 ya rsize. Baada ya hapo kiasi hicho kilishuka hadi kilobaiti 128 kwenye mifumo mingi. Matokeo yake ni kwamba kompyuta inaweza kuonyesha mkupuo wa megabaiti 1 uliokubaliwa, ilhali usomaji wa kawaida wa faili moja unatumia vipande vidogo zaidi. Fundi aliyeridhika na nambari ya kwanza bila kuitazama ya pili hubaki akiilaumu swichi.

Pale ambapo mkupuo mkubwa hausaidii

Insha ya mwanafunzi yenye kilobaiti 6 huingia katika ombi moja la kusoma, mkupuo uwe kilobaiti 8 au megabaiti 1. Folda yenye maelfu ya faili za aina hiyo huchelewa kwa sababu tofauti: kabla ya kusoma kila faili, mteja hulazimika kuitafuta kwa jina, kuuliza sifa zake na kuthibitisha ruhusa, na maombi hayo hayapunguzwi na rsize. Hospitali inayohifadhi picha za eksirei, ambazo kila moja ina megabaiti kadhaa, itafaidika kwa mkupuo mkubwa. Ofisi inayohifadhi fomu ndogo ndogo haitaona tofauti.

Programu za hifadhidata, ambazo huchukua rekodi chache kutoka sehemu mbalimbali za faili kubwa, nazo hazifaidiki sana, kwa kuwa mteja hawezi kuomba megabaiti 1 iwapo programu inahitaji kilobaiti 16 tu. Vilevile, seva yenye diski moja kuukuu haiwezi kutoa data kwa kasi kuliko diski hiyo inavyozunguka, na watumiaji wengi wakigombania kiungo kimoja chembamba, ombi dogo linaweza kukwama nyuma ya mikupuo mikubwa ya wengine. Kwenye kiungo cha namna hiyo, kupunguza mkupuo kunaweza kuwapa watumiaji wote huduma iliyo sawa zaidi, hata kama kasi ya faili moja inashuka.

Hatua za kufuata

Fundi anayetaka kujua hali ya mtandao wake anaweza kufuata mpangilio huu:

1. Aendeshe amri ya nfsstat -m kwenye kompyuta ya mteja, asome thamani za rsize na wsize, na athibitishe kwamba neno tcp limo.
2. Afungue faili ya /etc/fstab na kutafuta thamani zilizowekwa kwa mkono. Asipojua sababu ya kuwekwa kwake, aziondoe, aondoe upachikaji wa folda, aipachike upya, kisha arudie hatua ya kwanza.
3. Mkupuo ukiwa chini ya 1048576, alinganishe na memori ya seva kwa kanuni ya kugawanya kwa 4,096.
4. Apime kwa faili kubwa, na kabla ya kila jaribio aondoe upachikaji na kupachika upya, la sivyo kompyuta itaisoma kutoka kwenye memori yake na kumpa jibu la uongo.
5. Abadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, arudie kipimo mara kadhaa, na aandike matokeo pamoja na saa ya kipimo, kwa kuwa mtandao wa saa nne asubuhi huwa na watumiaji wengi kuliko wa saa mbili usiku.

Muhtasari wa sura

Mkupuo ni kiwango cha juu cha data kinachosomwa au kuandikwa kwa ombi moja. Kikomo cha kilobaiti 8 kilitokana na toleo la 2 la NFS na kilifaa mazingira ya UDP, lakini tangu toleo la 3 na kuenea kwa TCP, mteja na seva hupatana wenyewe, kwa kawaida hadi megabaiti 1. Faida ya mkupuo mkubwa hukua kadiri umbali na ukubwa wa faili unavyoongezeka, na hutoweka kwa faili ndogo. Kwa taasisi nyingi, uamuzi ulio bora ni kuacha rsize na wsize bila kuguswa na kuthibitisha tu kile kilichokubaliwa. Na pale ambapo kilichokubaliwa ni kidogo, kabla ya kununua bando kubwa zaidi, ni vyema kukokotoa gharama ya kuongeza memori kwenye seva, kwa kuwa huenda ndiyo matengenezo ya bei nafuu kuliko yote.